Taa nyekundu ya freni haiponywi kwa skochi

Mbele ya usukani wa gari, kwenye tablo, kuna taa moja ndogo nyekundu: mduara wenye alama ya mshangao katikati na mabano mawili pembeni. Kwenye magari mengi ya Toyota yanayobeba watu kati ya Goma, Sake, Minova, Bukavu na Uvira, taa hiyo ina kazi mbili. Inawaka dereva akivuta freni ya mkono. Na inawaka pia mafuta ya freni, yale ambayo mafundi wanaita wili ya freni, yakishuka chini ya kiwango ndani ya kikopo chake.

Ni taa ya kusimamisha gari. Imewekwa nyekundu, si njano. Lakini katika parkingi za Kivu ndiyo taa inayodharauliwa kuliko zote. Kuna magari ambamo imefunikwa kwa kipande cha skochi nyeusi. Kuna mengine ambayo balbu yake imetolewa. Kuna mengine ambayo fundi amechomoa waya wa kikopo, taa ikanyamaza, na dereva akalipa, akaondoka akishukuru kwamba gari imepona. Gari haikupona. Imezibwa mdomo.

Watu wakisikia habari hiyo, wa kwanza kulaumiwa ni dereva, maana ndiye anayeonekana. Lakini mara nyingi gari si yake. Ni ya bosi aliye nyumbani, ambaye kila jioni anangojea pesa yake ya siku, kiasi kilekile walichopatana, mvua inyeshe au jua liwake. Siku gari inalala garaji, dereva hana cha kupelekea watoto, na deni la bosi linaandikwa palepale. Akipiga simu kusema kwamba taa ya freni imewaka, swali analoulizwa ni moja tu: je, gari inatembea? Kama inatembea, itembee. Mtu aliyebanwa kati ya taa na njaa atafanya nini? Skochi haina bei. Ndiyo sababu neno la kwanza ni la wenye magari. Zamu ya madereva itafika.

Mwenye gari anayesema kwamba taa ni ya kuogopesha watu tu, aelezwe jinsi jambo lenyewe lilivyo. Mafuta ya freni hayaliwi na gari kama esansi au mazuti. Yamefungiwa ndani ya mabomba. Dereva akikanyaga pedali, anayasukuma, nayo yanasukuma plaketi zibane diski, au zile kiatu za nyuma zibane ngoma. Akiachilia, yanarudi. Kilomita elfu moja, kilomita elfu kumi, mafuta ni yaleyale. Kwa hiyo kiwango kikishuka, kuna sababu, na sababu hiyo haitafutwi kwa kumimina mafuta mengine juu yake.

Sababu ya kwanza ni plaketi kuisha. Kadiri zinavyokuwa nyembamba, pistoni inatoka zaidi ili izifikie, na mafuta zaidi yanabaki nyuma ya pistoni. Kikopo kinapungua polepole, wiki kwa wiki, hata kama hakuna tone lililoanguka chini. Hapo taa inasema: plaketi zimekwisha, badilisha kabla chuma hakijala chuma. Fundi mwenye akili haongezi mafuta kabla ya kutoa magurudumu na kuangalia. Akiongeza, siku plaketi mpya zinapowekwa pistoni inarudishwa ndani, mafuta yanafurika nje ya kikopo, na mafuta hayo yanakula rangi ya gari. Watu wengi wanaoona rangi imebabuka karibu na kikopo wanadhani ni jua.

Sababu ya pili ni kuvuja, na hiyo ndiyo inayoua. Bomba la chuma limeoza. Mpira unaofuata gurudumu umepasuka kwa kupigwa na mawe. Pistoni ndogo ndani ya ngoma ya nyuma inatoa machozi. Au pampu kuu ya freni, ile inayosukumwa na pedali, imechoka mipira yake ya ndani, na mafuta yanaingia mahali ambapo jicho halifiki. Katika hali hizo kuongeza mafuta ni kama kujaza maji katika kidumu kilichotoboka kwa sababu tu bado hakijawa kitupu. Dereva anayebeba chupa ya mafuta ya freni chini ya kiti chake na kuongeza kila asubuhi hana gari inayopenda mafuta. Ana gari inayovuja, naye anajua.

Kuna pia taa ya uongo. Freni ya mkono haikushushwa vizuri. Waya umeguswa na maji. Gari imelala upande kwenye kilima, mafuta yakahamia pembeni. Haya yanatokea, na wenye magari wanayapenda sana kwa sababu yanawapa neno la kujibu: taa hizi za Kijapani zina wazimu. Ndiyo, zinaweza kukosea. Lakini kuhakikisha kunachukua dakika tano mahali pa tambarare: kushusha freni ya mkono mpaka mwisho, kutafuta kikopo, kuangalia mistari miwili iliyoandikwa MIN na MAX. Kwenye gari ndogo kikopo kiko chini ya kapo, upande wa dereva. Kwenye minibasi fulani kimejificha karibu na tablo. Hakuna mtu anayeweza kusema taa imedanganya kabla hajaangalia hapo. Asiyeangalia ndiye anayedanganya.

Neno ambalo madereva hulisema kwa nguvu zaidi ni hili: gari bado inafunga. Wanakanyaga, inasimama, basi shida iko wapi? Shida iko kwamba waliotengeneza gari waligawa freni katika sehemu mbili, ili sehemu moja ikimwaga mafuta yake yote, nyingine ibaki. Gari inayofunga huku taa ikiwaka inaweza kuwa inafunga kwa nusu. Pedali inashuka chini zaidi kuliko jana, mguu unatafuta, mwendo wa kusimama umekuwa mrefu, lakini katikati ya Goma, ambapo motari, chukudu na wauzaji wanalazimisha kila mtu kwenda polepole, dereva hatambui. Nusu inatosha mjini. Anazoea nusu. Kisha siku moja anapata abiria wa Uvira.

Wasafiri wa Kivu ya Kusini hawahitaji kuelezwa Ngomo. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Bukavu, inapita Nyangezi, kisha inashuka ule mlima kuelekea Kamanyola na bonde la Ruzizi, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Wenye pesa na karatasi za kuvuka mpaka walizoea kuzunguka upande wa Rwanda, kwenye lami, ili wasiipite. Wasio na karatasi wanapita Ngomo. Kwenye mteremko kama huo freni haikanyagwi mara moja na kuachwa. Inakanyagwa tena na tena, kona baada ya kona, na gari imejaa watu, magunia ya muhogo na bidoni juu ya paa. Diski zinashika moto, na moto huo unapita kwenye plaketi mpaka kwenye mafuta.

Hapo ndipo yanapokuja mambo ya chupa. Kwenye kifuniko cha kikopo imeandikwa aina ya mafuta yanayotakiwa, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205. Lakini yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na yakishakunywa maji kiasi, kiwango chake kinaweza kushuka mpaka digrii 140. DOT 4 inaanzia 230 na kushuka mpaka 155. Ndiyo maana yanabadilishwa yote kila baada ya miaka 2 hivi hata kama hayakupungua, na ndiyo maana chupa iliyofunguliwa miezi sita iliyopita na kuachwa garaji bila kifuniko haifai kitu. Yakichemka ndani ya bomba yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga, mvuke unajikunja, pedali inagusa chini, na gari inaendelea na safari yake.

Sasa, kuna watu wanaomimina maji ndani ya kikopo. Maji ya kawaida, kutoka kwenye bidoni, juu ya taa kuzimika. Katika mwinuko wa Bukavu, mita 1500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Anayefanya hivyo na kupakia watu kwenda Ngomo hakuongeza mafuta, ameongeza mvuke. Wengine wanamimina mafuta ya moteri kwa kuwa yako karibu. Hayo hayachemki upesi, lakini yanavimbisha mipira ya pampu na ya pistoni mpaka freni zinakwama zenyewe au zinaachia zenyewe, na baada ya hapo hakuna kusafisha: mipira yote ya mfumo ni ya kutupwa. Mwenye gari aliyekataa kununua chupa moja ya mafuta sahihi, ambayo bei yake haizidi nauli ya abiria mmoja wa Bukavu mpaka Uvira, atalipa freni nzima. Hapo atasema dereva ndiye aliyeharibu gari.

Na madereva? Zamu yao imefika. Hakuna bosi aliyewafundisha kushuka milima na vitesi katika mort. Hilo ni lao. Wanatoa vitesi ili moteri isinywe mazuti, gari inashuka yenyewe, na wanachookoa ni vikombe vichache vya mazuti. Gari iliyo katika vitesi ya pili inashikwa na moteri yake. Ile iliyo katika mort inashikwa na freni peke yake, na freni hizo ndizo taa ilikuwa inazililia. Sheria ya wazee wa barabara haijabadilika: mteremko unashukwa kwa vitesi ileile ambayo gari ingeupandia. Dereva anayeweka mort juu ya Ngomo, au kwenye mteremko wa Kanyabayonga kwenda uwanda wa Rwindi, na taa yake imefunikwa skochi, hana haki ya kusema njaa ndiyo iliyomtuma.

Wenye magari wana jibu lingine wakibanwa: barabara ndiyo inayoua, si gari. Serikali itengeneze barabara kwanza. Barabara ni mbaya, hilo hakuna anayelikana, na walioahidi kuitengeneza kila mara kura zinapokaribia wana hesabu yao ya kutoa. Lakini jibu hilo linajipinga. Mawe ya barabara mbaya ndiyo yanayokata mpira wa freni. Matope yake ndiyo yanayokula bomba la chuma. Vumbi lake ndilo linalomaliza plaketi upesi. Kadiri barabara ilivyo mbaya, ndivyo taa hiyo inavyohitajika zaidi. Mtu hawezi kusema nyumba inavuja, kwa hiyo nitavunja na dirisha.

Kuna pia wale wa ajali haina kinga. Hawa hawabishani. Wanakuja kilioni, wanasema ilikuwa siku yake, wanachanga, wanarudi. Methali ina mahali pake: mti ukianguka juu ya gari iliyo salama, ajali haina kinga. Gari ambayo ilisema kwa taa nyekundu, ikafunikwa mdomo, ikapakiwa watu kumi na tisa, hiyo ilikuwa na kinga, na mtu aliitoa kwa mkono wake. Kuliweka jambo hilo mabegani mwa Mungu, ambaye jina lake tayari limebandikwa kwenye kioo cha nyuma, ni kumsingizia.

Jambo linalofanya mazungumzo haya yasiwe ya madereva peke yao ni watu waliohama. Katika nchi yenye amani abiria anaweza kuchagua: gari hii siipendi, nangoja nyingine. Familia inayokimbia haichagui. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 ilipotoka amri ya kuhama sehemu kubwa ya Goma, maelfu ya watu walimiminika njia ya Sake, kwa miguu, kwa moto, kwa chochote chenye magurudumu. Februari 2024 mwendo uligeuka, wakaaji wa Sake wakikimbia vita kuelekea Goma. Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia Goma, kambi nyingi za pembeni ya mji zikaondolewa, na watu waliokuwa chini ya hema wakashika tena njia za Masisi, Rutshuru na Kalehe. Kila mara mambo ni yaleyale: nauli inapanda, gari inajazwa mara mbili, magodoro na mabati juu, watoto juu ya magodoro, na gari zilizokuwa zimelala garaji kwa ubovu zinatolewa siku hiyo kwa sababu siku hiyo hakuna anayeuliza kitu.

Kuna anayesema kwamba wakati wa risasi hakuna wakati wa freni. Kwa saa ile ya risasi, ni kweli. Mama mwenye watoto wanne na milio nyuma yake atapanda gari yenye taa, na hakuna wa kumhukumu. Dereva anayewatoa watu hao anaweza kuwatoa polepole, kwa vitesi ya chini, akiacha mizigo, mpaka watoke hatarini, kisha asimame. Lakini safari nyingi za waliohama si za saa ile. Ni safari za kurudi kijijini kuangalia shamba. Ni za kwenda mahali chakula kinapogawiwa. Ni za kupeleka mgonjwa, kufuata soko, kutafuta mtoto aliyepotelea upande mwingine. Safari hizo zina asubuhi yake, zina saa ya kungojea gari ijae. Wakati wa kuangalia kikopo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kulazimisha, kwa sababu aliyehama amezoea kuonyeshwa kwamba anayelipa kidogo hana haki ya kuuliza.

Wanaokodi malori na minibasi kwa ajili ya watu hao nao wana swali lao. Mkataba wa kukodi gari unataka karatasi ya asiransi, namba ya gari, risiti, wakati mwingine picha. Ni nadra kusikia mkataba unaotaka mtu alale chini ya gari na kuangalia upande wa ndani wa magurudumu kama kuna unyevu. Watu hamsini wanapandishwa juu ya lori kwa orodha yenye majina na saini, kila jina limehakikiwa mara mbili, na freni hazikuhakikiwa hata mara moja. (Malori makubwa yanayofunga kwa hewa yana taa yao na mlio wao, lakini huko nako waya unajua kuchomolewa.)

Sheria ipo. Kodi ya barabara ya Kongo ni sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo mpaka leo bado inaitwa kodi mpya. Inataka gari inayotembea iwe na freni zinazofanya kazi. Lakini msafiri anayesimamishwa na rulaje mara tano kati ya mji na mji anajua kinachoangaliwa: karatasi, tena karatasi, na mkono wa dereva unaotoka dirishani. Gari inapita kizuizi baada ya kizuizi na karatasi zake zote nzuri, na tablo yake ina kipande cha skochi kinachoonekana hata na mtoto. Karatasi ya kontrole tekiniki inasema jinsi gari ilivyokuwa siku ile ilipotolewa, kama gari yenyewe ilifika huko. Haisemi jinsi ilivyo leo asubuhi.

Na bado hakuna mtihani rahisi kama huu. Dereva aweke kontakti bila kuwasha moteri, freni ya mkono ikiwa imevutwa. Taa nyekundu lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa, au imetolewa, au imefunikwa, na gari hiyo ni kipofu. Kisha awashe moteri, ashushe freni ya mkono: taa lazima izimike. Isipozimika, mafuta yamepungua au waya una shida, na gari haitoki mpaka ijulikane ni kipi. Abiria wa kiti cha mbele anaweza kuangalia. Mkuu wa parkingi anaweza kuangalia. Polisi anaweza kuangalia bila kuomba franga hata moja. Mtihani huo una tundu moja: waya wa kikopo ukiwa umechomolewa, taa itawaka kwa freni ya mkono na kuzimika vizuri, na mafuta yanaweza kuwa yamekwisha. Kwa hiyo kikopo lazima kiangaliwe kwa macho, waya uonekane umechomekwa, mafuta yawe kati ya mistari miwili, na rangi yake iwe ya kung'aa, isiwe nyeusi kama kahawa.

Tatu ni mguu. Moteri ikiwa imezimwa, dereva akanyage pedali mara nne au tano, kisha aishikilie kwa nguvu nusu dakika. Pedali iliyo nzima inasimama kama jiwe. Ikishuka polepole chini ya mguu, kuna mahali mafuta yanapita, na safari imekwisha. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani, na fundi lazima aitoe gurudumu kwa gurudumu.

Taa ikiwaka njiani, mambo ni yaleyale kwa haraka zaidi. Dereva apunguze mwendo kwa vitesi, asogee kando, asimame kwenye tambarare kabla ya mteremko, si baada yake. Aweke mawe kwenye magurudumu. Abiria washuke wote, hata kama mvua inanyesha. Kikopo kikiwa kimepungua na pedali imelegea, gari inabaki hapo. Haivutwi mpaka kijiji kinachofuata kwa sababu kiko karibu.

Na ikiwa imeshachelewa, pedali imegusa chini na gari inashuka, kuna mambo machache yaliyobaki, na kila dereva anapaswa kuyajua kabla ya siku hiyo. Kupampu pedali haraka mara nyingi, maana wakati mwingine shinikizo kidogo linarudi. Kushusha vitesi moja moja. Kuvuta freni ya mkono kidogo kidogo, si kwa kishindo, kwa sababu kwenye magari mengi hiyo inavutwa kwa waya wa chuma na haitegemei mafuta. Kutozima moteri, kwa sababu usukani unakuwa mzito na ufunguo ukitolewa unaweza kufunga kabisa. Na kuchagua upande wa mlima. Gari iliyokwaruzwa ubavu mzima kwenye ukuta wa udongo, bosi atapiga kelele. Apige.

Vyama vya madereva, ambavyo vinajua kukusanya pesa ya parkingi kila asubuhi bila kukosa, vina uwezo wa kuweka kanuni mbili. Ya kwanza, gari isiyowasha taa nyekundu kwa freni ya mkono haipangwi kwenye foleni. Ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo itakayopigwa vita na wenye magari: siku ambayo dereva amesimamisha gari kwa sababu ya taa hiyo, na fundi amethibitisha, pesa ya siku haidaiwi. Bila kanuni ya pili, ya kwanza itazungukwa kwa balbu iliyounganishwa na waya mwingine, kwa sababu mafundi wa Kivu hawakosi ujuzi. Wenye magari watasema hasara. Hasara hiyo tayari inalipwa. Inalipwa na dereva anayelala na deni, na na mama aliyepanda na watoto wanne kwa nauli ya mara mbili, aliyeketi kiti cha nyuma kabisa, mahali ambapo tablo haionekani.